Ubao wa Saa za Maji

Kaka yangu aliitwa Bwana Dakika, na jina hilo hakupewa na watu waliompenda. Alipewa na makarani wenzake wa ofisi ya bandari, waliochoka kuulizwa kila asubuhi kwa nini wamefika saa mbili na dakika nne. Baadaye jina likamganda, likageuka la mapenzi, mpaka mke wake mwenyewe akawa anamwita hivyo mbele za watu. Mimi niliendelea kumwita kaka. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka sita na hakuwahi kukubali nisahau hilo.

Kazi yake ilikuwa kusoma maji. Pembeni mwa gati, pale mto unapokaribia kuingia baharini, ipo nguzo nyeupe iliyoandikwa namba kutoka chini kwenda juu. Kila saa, kwa miaka ishirini na saba, kaka alitoka mezani kwake, akaenda hadi kwenye nguzo, akatazama maji yamefika namba gani, akarudi akaandika daftarini. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nikimtania kwamba analipwa kuangalia mti uliosimama, alinijibu kwamba mti umesimama lakini maji hayasimami, na kitu kisichosimama lazima kiwe na mtu wa kukiangalia. Halafu ofisi ikaleta mashine inayosoma yenyewe. Wakampa kaka cheti na saa ya ukutani iliyochelewa kwa dakika tatu, na hakuitundika hata siku moja.

Wifi yangu ndiye aliyemwokoa asizeeke kwenye kiti. Wifi alikuwa fundi wa kushona maturubai, mwenye vidole vigumu na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Hoteli moja ya mjini ilipofungwa, alikwenda kuchukua kayaki zake nane kuukuu, vile vimashua vyembamba vya plastiki ambavyo mtu hukaa amenyoosha miguu na kupiga kafi huku na huku. Zilikuwa zimepasuka. Aliziziba kwa chuma cha moto na vipande vya ndoo, akajenga banda la mabati kando ya gati, akapaka mlangoni maneno haya: SAFARI YA MVIVU.

Maneno yalikuwa ya kweli. Mto wetu, maji yakijaa, unarudi nyuma. Ukiondoka gatini kwa saa yake, bahari yenyewe inakusukuma juu taratibu hadi kwenye kona yenye mchanga. Unakula, unalala kidogo, maji yanasimama, kisha yanaanza kupwa na kukurudisha ulikotoka. Kafi unaishika kwa heshima tu. Lakini ukikosea saa, kati ya kona na gati lipo fungu pana la tope. Haliui mtu. Linakukamata tu, likakuweka juani mpaka bahari itakapopenda kurudi.

Kwa hiyo biashara nzima ilikaa juu ya saa, na saa zilikaa juu ya kaka. Kila asubuhi alichukua chaki akaandika kwenye ubao mweusi wa mlangoni: saa ya kuondoka, saa ya maji kusimama kwenye kona, saa ya mwisho ya kugeuza. Kitabu cha bandari kinatoa saa za kule nje baharini. Hapo gatini lazima uongeze dakika ishirini, kwenye kona arobaini, na mvua ikiwa imenyesha bara hesabu inabadilika tena. Yote hayo alikuwa nayo kichwani. Wateja walipofika alisimama kando ya ubao, mikono nyuma, akawaeleza kana kwamba bahari ni mali ya ukoo wetu na yeye ndiye msimamizi wa mirathi.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwamba aliandika saa za jana. Maji huchelewa karibu dakika hamsini kila siku, na mtu aliyelijua hilo kabla hajaota ndevu alikuwa amelisahau. Wifi akafikiri ni uchovu. Wiki iliyofuata akaandika saa za mwezi uliopita. Tukampeleka hospitali, mimi na wifi, yeye katikati yetu. Daktari, kijana mpole, alitueleza sote watatu bila kuficha: ni maradhi ya kusahau, yatazidi, hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Kaka alisikiliza vizuri, akamshukuru. Tulipofika nyumbani alituuliza tulikuwa wapi. Wifi akanitazama, akamjibu, "Tulikwenda kutembea." Hakumwambia tena.

Mimi sikupendezwa. Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mkono wangu umezoea wino mwekundu. Jibu likikosewa unaweka alama ya mkasi, mtoto analia, kesho anapata. Sina breki mdomoni na sijawahi kujisifia hilo, ila pia sijawahi kuliombea radhi.

Asubuhi moja nikawahi bandani kuliko kawaida. Kaka alikuwa nyuma ya banda akinywa chai. Wifi alikuwa mlangoni na kitambaa kibichi, anafuta ubao.

"Unafanya nini, wifi?"

"Napangusa vumbi."

"Vumbi gani hilo lenye tarakimu?"

Hakucheka. Alichukua chaki akaanza kuandika upya, polepole, kwa mwandiko wa kaka, hata zile saba zake zenye kamstari katikati. Alikuwa amejifunza kitabu cha bandari usiku kwa usiku, mwanamke aliyeacha shule darasa la nne.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Miezi mitatu. Sasa hivi atakuja, atasimama hapa awaeleze watu. Umemwona akiwaeleza? Hicho ndicho kilichobaki, wifi. Nikikiondoa nitabaki na mtu wa kulishwa na kuogeshwa."

"Na akigundua?"

"Atagundua kwa nani? Tunaojua ni wawili." Akaniangalia kwa muda mrefu. "Niapie."

Nikaapa. Moyoni nilisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mdomo nikaufunga, na nikaufunga kwa miaka miwili kasoro miezi. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ya kupewa nishani. Kila asubuhi kaka aliandika, akaenda kunywa chai, na wifi akafuta, akaandika. Hakuna mteja aliyewahi kukwama. Kaka alizeeka huku akiamini kwamba lolote jingine likimtoka, maji hayajamtoka.

Jumatatu banda lilikuwa halifunguliwi. Jumatatu moja ya jua zuri kaka aliamka na furaha, akasema leo hatutaki wateja, twende sisi wenyewe safari ya mvivu, yeye ndiye nahodha. Wifi alikuwa na kayaki ya kuziba na nguo za kufua, lakini ni nani angemnyima? Tuliondoka saa moja asubuhi. Saa hiyo ilikuwa sahihi, wifi alihakikisha. Wao wawili wakaingia kwenye kayaki ya watu wawili, kaka mbele, wifi nyuma yake. Mimi nikapewa nyekundu yenye viraka vitatu.

Nilianza kupiga kafi kama mtu anayefukuzwa. Kaka akaniita bila kugeuka.

"Mwalimu! Weka kafi magotini. Mto unajua kazi yake."

Nikaweka. Sijui kama nimewahi kupumzika vile maishani. Maji yalitubeba bila sauti kati ya matete, ndege mweupe akitangulia, anatua, tukimkaribia anaruka tena. Wifi aliimba kidogo, kwa pua. Kaka alitumbukiza vidole majini akaviacha hapo njia nzima. Tulifika kwenye kona saa mbili na nusu, tukavuta kayaki mchangani, tukala mkate na mayai ya kuchemsha, tukanywa chai ya chupa. Mambo ya zamani yalikuwa bado yako naye yote, na akaanza kusimulia jinsi alivyoonana na mke wake.

"Alikuja gatini kuuliza maji yatajaa saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na dakika kumi na moja. Akarudi kuhakikisha kama mimi ni mwongo."

"Na ulikuwa mwongo?" nikauliza.

"Kwa dakika moja tu," akasema wifi, "nikaona huyo anafaa." Tukacheka sote watatu, na kaka akamshika mkono mbele yangu, jambo ambalo wazee wa rika letu hatulifanyi.

Maji yalisimama saa tatu na ushee. Ilipokaribia saa nne niliona mchanga uliolowa chini ya kayaki umepanuka kwa kiganja, kisha kwa hatua. Wifi naye aliona. Akaanza kukusanya vikombe.

"Bwana Dakika, twende sasa. Maji yameanza kurudi."

"Bado. Yanapanda."

"Nadhani yamegeuka, mume wangu."

Kaka alimtazama kwa upole, hata kwa huruma. "Mama, umeshawahi kuniona nimekosea?"

Nilimwona wifi akifungua mdomo. Miaka miwili alikuwa amefuta kila kosa kabla halijaonekana, na sasa hakubakiwa na hata moja la kumwonyesha.

"Hapana," akasema. "Sijawahi."

Akaketi tena. Alijaribu kila hila: ana nguo za kufua, kichwa kinamgonga, mimi nataka kwenda haja. Kaka alitwambia tutulie, nahodha ni yeye. Ilipofika saa tano na nusu akasimama mwenyewe, akatazama mto uliokuwa ukikimbia, akasema, "Haya, sasa ndiyo saa yake."

Fungu la tope lilitupokea saa sita juu ya alama. Kayaki yangu ilikwaruza, ikasita, ikakaa. Yao ikakaa hatua kumi mbele. Wifi alishuka kujaribu kusukuma, tope likammeza mpaka mapajani, ikabidi ajivute kwa mikono kurudi ndani. Baada ya hapo maji yalituacha kabisa. Tulikuwa watu watatu na kayaki mbili katikati ya uwanja wa tope unaong'aa, jua la utosi, chai imekwisha, na bahari isingetufikia kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Saa ya kwanza kaka alitania. Saa ya pili aliuliza tuko wapi. Saa ya tatu alikasirika, na alihitaji mtu wa kumkasirikia.

"Ni wewe," alimwambia mke wake, akiangalia mbele kwa sababu kwenye kayaki huwezi kugeuka vizuri. "Ulikuwa unapiga soga. Mimi niliandika kwenye ubao, saa nne mwisho wa kugeuza. Husomi?"

"Ni kweli. Nisamehe."

"Miaka yote nawaandikia. Mtu mzima, hata kusoma ubao?"

"Nisamehe, Bwana Dakika."

Tope lilikuwa limekauka miguuni mwa wifi, likapasukapasuka. Shingo ilikuwa imeungua, kwani kitambaa chake cha kichwani alikuwa amemfunika nacho kaka. Kaka alinyamaza, akasahau kwamba ameshamgombeza, akaanza tena tangu mwanzo. Kisha mara ya tatu. Mara ya tatu alimwita mzembe, na wifi akasema tena nisamehe, kwa sauti ileile, na kitu kikanikatika.

"Akuombe radhi ya nini?" nilipiga kelele. "Ubao gani, kaka? Miaka miwili sasa hakuna namba yako hata moja iliyobaki kwenye ule ubao! Mke wako anazifuta zote kila asubuhi ukiwa unakunywa chai. Wewe unakosea, anafuta, anaandika kwa mwandiko wako. Kila siku ya Mungu! Na wewe unamwita mzembe!"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nimewaandikisha watoto methali hiyo mara ngapi sijui. Wifi hakunikaripia. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mgongo wa mume wake.

Kaka akauliza, kwa sauti aliyokuwa nayo zamani akisoma daftari lake, sauti isiyo na ugonjwa hata kidogo: "Ni kweli?"

Wifi angesema hapana, angeaminiwa. Nadhani alikuwa amechoka. "Ni kweli," akasema.

"Zote?"

"Si zote."

"Sahihi zilikuwa ngapi?"

"Nyingi."

"Ngapi, mama?"

Wifi alibaki na paji lake mgongoni mwa kaka. Tulikaa hivyo saa tatu nyingine. Maji yaliporudi na kutuinua, kaka aliiacha kafi ilale magotini, na wifi akaipeleka kayaki peke yake hadi gatini.

Usiku ule nilijifariji kwa faraja ya aibu: atasahau. Mtu anayesahau kama amekula, atashindwaje kusahau hili? Na kweli alisahau. Siku ya pili hakujua kwamba tulikwenda mtoni, hakukumbuka tope wala jua, wala kwamba mimi nilikuwepo. Kitu kimoja tu hakikumtoka, nacho hakikuwa maneno. Aliacha kumwamini mke wake. Akiambiwa leo Jumanne alitoka mlangoni kumwuliza jirani. Akiambiwa umeshakula alikwenda kupekua sufuria. Wifi akimwambia lala, mimi nipo, alimkazia macho kama mwenye duka anayetazama noti asiyoiamini, kisha akakaa macho. Hakujua sababu. Alijua tu kwamba kwa mama huyu uongo upo, na kwamba ni uongo wa upole, ambao huwezi kuuona.

Chaki hakuigusa tena. Wifi aliendesha banda miezi miwili, akaliuza pamoja na kayaki zake, maana hakuweza kumwacha peke yake. Kicheko chake kilikwisha kabla ya kayaki. Mimi nilikuwa nasubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka hata anitukane. Alisema mara moja tu, tukikamua shuka pamoja uani: "Ulisema kweli, wifi. Sasa nisaidie kuibeba." Nikahamia kwao wiki ileile.

Kaka aliishi miezi kumi na moja baada ya siku ile. Mwishoni hakututambua, mke wake alikuwa "yule mama" na mimi "dada wa hospitali". Siku chache kabla hajafariki nilikuwa nimemkalia kitandani mchana, wifi yuko jikoni anamchujia uji. Akanishika kiwiko, akanivuta karibu, akachungulia mlangoni asije mtu akasikia.

"Dada, wewe unaonekana mkweli. Nikuulize kitu?"

"Niulize."

"Wale watu niliowaandikia saa mbaya. Walirudi?"

Nilikuwa sijawahi kulia mbele yake tangu utotoni. Nilimshika mikono yote miwili. "Walirudi wote, kaka. Miaka yote ile, hata mmoja hakukwama, hata mmoja hakupotea. Nakuapia kwa Mungu. Walirudi wote."

Ilikuwa kweli tupu, kweli kuliko zote nilizowahi kuzisema. Alinitazama usoni kwa makini, akapita kila mahali akitafuta, macho, mdomo, macho tena. Kisha akaniachia kiwiko.

"Na yule mama anasema hivyohivyo," akasema. "Mmeshapatana la kuniambia." Akageukia ukutani.